Kupunguza kingo za picha: amua kwanza picha inahusu nini

Mleta mada, umeuliza kwa nini picha zako za mashua za Lamu zinaendelea kuonekana zimejaa vitu hata baada ya kuzipunguza kingo kwa kufuata mistari ya theluthi (ile inayoigawa picha sehemu tatu sawa kwa upana na kwa urefu) inayotokea kwenye programu ya kuhariri. Nimepiga picha za vyombo vya baharini kwa miaka mingi, na naona tatizo haliko kwenye mistari yenyewe. Unaipeleka mashua kwenye mstari kabla hujaamua picha inahusu nini.

Mimi sigusi zana ya kupunguzia mpaka niweze kuieleza picha kwa sentensi moja. Ikiwa sentensi ni kwamba chombo kinakimbia na upepo, basi tanga, omo (sehemu ya mbele ya chombo) na maji yaliyo mbele yake ndiyo picha, na boti ya injini iliyojitokeza nusu kwenye ukingo wa kushoto inaondoka hata kama rangi yake inapendeza. Ikiwa sentensi ni kwamba mabaharia wamekaa kwenye ubao uliotokezwa nje ili mashua isilale, basi nakaribia miili yao, na sehemu kubwa ya tanga inaweza kukatwa bila majuto. Fremu ni ileile, lakini imetoa picha mbili tofauti, na mistari ya theluthi isingeweza kukuchagulia mojawapo.

Baada ya hapo nyoosha upeo wa bahari kabla ya kupunguza chochote, kwa sababu kuizungusha picha hula pembe zake, na ukianza kwa kubana utakuta ncha ya foromali (mti unaobeba tanga) imekosa nafasi. Kisha pitisha jicho kwenye kingo zote nne, polepole. Hapa ndipo picha nyingi huharibikia, kwa kuwa tunapopiga tunatazama katikati tu. Kitu kinachogusa ukingo kidogo tu hulivuta jicho kuliko kitu kilichokatwa waziwazi. Kwa hiyo ama kiachie nafasi ya kutosha, ama kikate kwa uamuzi. Kwa binadamu, epuka kukata kwenye viungo, yaani kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu, bali kata katikati ya paja au ya mkono wa juu. Mbele ya omo acha maji mengi kuliko nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), ili chombo kiwe na pa kuelekea.

Mfano ninaoupenda ni picha ya mwanamapinduzi Che Guevara iliyopigwa na mpiga picha Alberto Korda mjini Havana, Kuba, tarehe 5 Machi 1960. Fremu ya asili ilikuwa ya mlalo, ikiwa na uso wa mtu mwingine upande mmoja na makuti upande wa pili. Korda aliviondoa vyote viwili, ukabaki ule uso unaojulikana duniani kote.

Hata hivyo, zana hii ina mipaka. Haibadilishi uhusiano wa kilicho karibu na kilicho mbali: mlingoti unaoonekana kuota kichwani mwa nahodha utabaki palepale, na dawa yake ilikuwa kusogea hatua mbili wakati wa kupiga. Pia inakula pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha. Picha ya megapikseli 24, yenye pikseli 6000 kwa 4000, ukiipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu inabaki na megapikseli 6, yaani robo. Hizo zinatosha kabisa kwa simu, na kwa pikseli 300 kwa inchi zitachapisha karatasi ya takriban inchi 10 kwa 6.7, lakini bango kubwa la kutazamwa kwa karibu ni suala jingine, na chembechembe za picha iliyopigwa jioni zitaonekana zaidi.

Kuhusu programu, darktable na GIMP zote ni za bure. Darktable haiigusi picha ya asili, huandika mabadiliko kando, kwa hiyo unaweza kurudi wakati wowote ukachagua mkato mwingine. Ukitumia GIMP, hamisha picha iliyopunguzwa kwa jina jipya na uiache faili ya JPEG ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera, kwani kila unapoihifadhi upya inapoteza ubora kidogo. Ukiweka hapa fremu moja nzima, isiyopunguzwa, nitakuonyesha mikato miwili au mitatu ninayoiona ndani yake.