Stoo ya maabara inavuja asidi? Jaribu karatasi ya manjano

Wenzangu mnaotunza maabara za shule, pua msiitegemee. Ukishinda stoo na chupa za haidrokloriki asidi pua inazoea, unakuja kushtuka kifua kinabana na bawaba za kabati zote zimeliwa na kutu. Mimi siku hizi natundika karatasi za manjano, haya haya ya jikoni.

Unaloweka manjano kwenye spiriti, unachuja, unachovya karatasi ya kuchujia, ikikauka unaipitishia maji ya magadi soda mepesi inageuka damu ya mzee. Imulike na tochi ya kukagulia noti, imefifia tu. Sasa mvuke wa asidi ukiifikia inarudi njano, na kwenye ile tochi inawaka njano ya kijani hata mtoto anaiona. Iache na unyevu kidogo, inanasa vizuri zaidi. Kinachofanya kazi ni kurkumini, ile rangi iliyo ndani ya manjano, magadi yanainyang'anya protoni (chembe ya haidrojeni yenye chaji chanya) asidi inairudishia, na zile kemikali za kisasa zinazobadili rangi ya mwanga wake zikikutana na asidi, nyingi kati yake zinaenda kwa njia hiyo hiyo, ila huko ni naitrojeni iliyo ndani ya kemikali hizo inayodaka protoni basi mwanga unahama rangi.

Ila jamani kuweni makini hapa. Hewa ya kawaida ina kabonidayoksaidi nayo inaififisha karatasi polepole, jua pia, kwa hiyo tundika nyingine ya siku hiyo hiyo chumba kisicho na kemikali ndo ulinganishe, bila hiyo unajidanganya. Na kama chupa ya amonia iko jirani karatasi itabaki nyekundu huku asidi inavuja! Angalia shingo za chupa, ukikuta unga mweupe kama chumvi umeganda pale ujue hizo mbili zimeshakutana hewani, zitenganishe leo leo.

Karatasi haikupi kipimo. Marekani kiwango cha kazini cha haidrojeni kloraidi, yaani ile gesi inayotoka kwenye haidrokloriki asidi, hakitakiwi kuzidi sehemu 5 kwa milioni za hewa hata dakika moja, hiyo inataka mashine. Wewe ikibadilika tu fungua madirisha, toa wanafunzi, kisha tafuta kizibo kilicholegea.

Naitriki asidi ndo usiisogelee kabisa ikitoa moshi wa kahawia. Aliyeuvuta apelekwe hospitali hata kama anasema yuko poa, na daktari aambiwe alivuta nini, maana mapafu yanaweza kujaa maji masaa mengi baadaye.