Unapoanza kufundisha Ezra na Nehemia

Mpendwa uliyekabidhiwa kikundi cha Biblia mwaka huu na ukaambiwa uanze na Ezra, nakuandikia kabla hujakaa mbele ya watu. Mimi nilipokabidhiwa, nilivisoma Ezra na Nehemia vyote usiku mmoja kama kitabu kimoja nikatoka na somo moja la ushindi: Mungu alisema, watu wakarudi, hekalu likajengwa, ukuta ukasimama. Nikapanga kulimaliza kwa wiki nne. Wiki ya tatu mama mmoja, mkulima, asomaye polepole huku kidole kikifuata mstari, akaniuliza: "Mwalimu, mfalme Artashasta wa Ezra sura ya 4 amezuia kazi. Sura ya 6 mfalme Dario yuko madarakani na hekalu limekwisha. Sura ya 7 Artashasta yupo tena, na sasa anatoa fedha. Ni huyo huyo?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma upya, safari hii nikiwa na kalamu na tarehe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokusihi ni hili: andika miaka. Chukua karatasi ya manila, ibandike ukutani, na kila wiki muongeze mstari. Yerusalemu iliteketezwa na Wababeli mwaka 586 KK. Koreshi wa Uajemi aliutwaa Babeli mwaka 539 KK, na mwaka uliofuata akawaruhusu Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni na kujenga. Hekalu lilikamilika mwaka 515 KK. Ezra mwenyewe alifika mwaka 458 KK, na Nehemia mwaka 445 KK. Sasa tazama kati ya Ezra sura ya 6 na ya 7: katika Biblia yako ni kufunua ukurasa tu, lakini hapo imepita miaka 57. Waliosherehekea kuzinduliwa kwa hekalu, karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa Ezra alipofika. Tangu ruhusa ya Koreshi hadi ukuta wa Nehemia ni miaka zaidi ya 90. Mtu akiliona hilo kwa macho yake ukutani, hatakisoma tena kitabu hiki kama habari ya kampeni ya wiki moja.

Na swali la yule mama? Mwandishi wa Ezra sura ya 4 amekusanya upinzani wa vizazi kadhaa mahali pamoja. Anaanza na siku za Koreshi, anaruka hadi mfalme Ahasuero kwenye mstari wa 6, kisha Artashasta kuanzia mstari wa 7. Soma kwa makini barua ya wapinzani kwa Artashasta: inalalamikia mji na kuta zake, hekalu halitajwi. Halafu mstari wa 24 unaturudisha nyuma, kwenye mwaka wa pili wa Dario, mwaka 520 KK. Artashasta ni mmoja, na kuta zilizozuiwa katika sura ya 4 ndizo ambazo baadaye Nehemia alimwendea kuziombea ruhusa. Ukilieleza hili mapema, utawaondolea watu wako mkanganyiko mkubwa.

Sura ya 2 ya Ezra wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina. Usiiruke yote. Soma hesabu ya mwisho kwa sauti: watu 42,360, watumishi wao 7,337, waimbaji 200, farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720. Punda ndio wengi kuliko wanyama wengine wote. Hawa ni watu waliotembea na mizigo, na mwenye nacho na asiye nacho wote waliandikwa.

Sura ya 3 ndiyo ningependa ukae nayo muda mrefu. Mwezi wa saba walikusanyika Yerusalemu, na Yeshua kuhani na Zerubabeli wakajenga madhabahu. Msingi wa hekalu ulikuwa haujawekwa bado. Mstari wa 3 unasema waziwazi kwamba walikuwa na hofu ya watu wa nchi zile, na wakiwa na hofu hiyo wakatoa sadaka asubuhi na jioni. Ibada ilianza juu ya kifusi, chini ya jua, bila paa wala lango. Utakutana na waumini wanaosema, "Tukishajenga, tutaanza maombi ya asubuhi." Wasomee hapo, taratibu, bila kuwasuta.

Halafu msingi ukawekwa, na wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, hata haikuwezekana kutofautisha kilio na shangwe. Fanya hesabu pamoja na kikundi: tangu 586 hadi hapo ni kama miaka 50. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 moto ulipowaka, sasa ana 60. Nilipofundisha hapa mara ya pili, bibi mmoja katika kikundi chetu aliweka Biblia yake magotini akasema kwamba siku tulipobomoa kanisa la udongo ili tujenge la matofali, sisi tuliimba, naye alikwenda nyuma ya jengo akalia, kwa sababu udongo ule aliukanyaga kwa miguu yake akiwa msichana. Hakuwahi kumwambia mtu. Tulikaa kimya muda mrefu. Tangu siku hiyo siwaambii tena wazee kwamba wanang'ang'ania ya kale. Maandiko hayakuwakemea wale waliolia. Yaliandika tu kwamba sauti zote mbili zilisikika mbali.

Kisha kazi ilisimama. Kwa muda wa miaka kama 16 msingi ulibaki msingi. Waliokuwa wakilia na waliokuwa wakishangilia wote wakaenda kujenga makwao, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa msingi alikuwa kijana mwenye ndevu nabii Hagai alipofungua kinywa. Kwa Hagai ndipo nilipokosea zaidi ya mahali pengine popote, nami nakuomba unisikilize.

Hagai anasema watu wamepanda vingi wakavuna haba, na mwenye kupata mshahara anautia katika mfuko uliotoboka-toboka. Mwaka ule tulikuwa na mchango wa kuezeka, nami niliutumia mstari ule kama fimbo. Nilileta kabisa mfuko wa nailoni uliotoboka, nikamimina mchele ndani, ukamwagika sakafuni, nikasema hivi ndivyo inavyokuwa kwa anayemnyima Mungu. Watu walitoa. Lakini mwanamke mmoja mjane, muuza mboga, hakurudi wiki iliyofuata, wala iliyofuata. Nilipomwendea aliniambia kwamba alihesabu mapato yake yanavyokatika, akaona basi Mungu ndiye anayeyatoboa, naye hakuwa na cha kutoa ili amwache. Nilimwomba msamaha pale pale uani kwake, na nimeomba mara nyingi tangu hapo.

Rudi kwenye maandishi uone neno lile lilielekezwa kwa nani. Mstari wa kwanza kabisa wa kitabu cha Hagai: lilimjia Zerubabeli, liwali wa Yuda, na Yoshua kuhani mkuu, ambaye Ezra anamwita Yeshua. Viongozi kwanza. Na waliokemewa ni wanaokaa katika nyumba zilizopambwa huku wakisema wakati haujafika. Mjane anayelala chini ya bati lililopinda hayumo katika lawama hiyo. "Zitafakarini njia zenu" ni neno la kumfanya mwenye nyumba nzuri aketi afikiri, na kiongozi wa kwanza kulitafakari ni wewe uliyeshika kitabu. Tazama pia kilichofuata: siku ya kwanza ya mwezi wa sita Hagai alisema, na siku ya 24 ya mwezi huo huo kazi ilianza. Katikati ya tarehe hizo nabii hakuongeza kitisho. Alisema maneno machache tu kutoka kwa Bwana: "Mimi nipo pamoja nanyi."

Ukifundisha Hagai, mfundishe pamoja na Nehemia sura ya 5. Wiki hiyo hiyo ikiwezekana. Pale maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu, na watoto wao wanatiwa utumwani kwa deni, na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia alikasirika sana, akawaita wakuu hadharani, akawataka warudishe mashamba na riba siku ile ile. Naye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya liwali. Nyumba ya Bwana haijengwi kwa kumkamua aliye chini.

Kuna jambo jingine lililonitia moyo sana katika sura ya 5 na ya 6 za Ezra, nalo ni mpangilio wa matukio. Hagai na Zekaria walitabiri, watu wakaanza kujenga, ndipo Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto, akafika kuuliza: nani amewapa amri? Wakajibu kwa heshima, wakaeleza mpaka makosa ya baba zao yaliyosababisha uhamisho. Tatenai akaandika barua kwa Dario, na kazi haikusimama wakati jibu linasubiriwa. Wakatafuta katika nyumba ya kumbukumbu Babeli, na hati ikapatikana Ahmetha, katika nchi ya Wamedi: amri ya Koreshi, na vipimo vya jengo vimeandikwa ndani yake. Ruhusa ilikuwepo miaka yote ile, imekaa kwenye chumba cha kumbukumbu. Na Dario akaongeza kwamba gharama zitoke katika kodi ya mfalme. Hekalu likakamilika tarehe 3 ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario. Usilifanye hili kuwa ruhusa ya kujenga bila kibali cha halmashauri. Nimesikia likihubiriwa hivyo. Walikuwa na kibali. Walikuwa wameacha kukitegemea.

Kama kikundi chako kina mhazini, au kama wewe mwenyewe unashika fedha za watu, kaa na Ezra sura ya 8. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa kuwa alikuwa amemwambia kwamba mkono wa Mungu wao uko juu ya wamtafutao. Wakafunga pale mtoni Ahava. Wengi wetu tungeishia hapo kwenye kufunga. Lakini Ezra alipomaliza kufunga alichukua mizani. Alitenga makuhani 12 akawapimia mikononi mwao talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, na talanta 100 za dhahabu. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, vikapimwa tena mbele ya mashahidi, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Imani na mizani viko katika sura moja. Tangu nilipolielewa hilo, sadaka ya kikundi chetu inahesabiwa na watu watatu mezani, kiasi kinasomwa kwa sauti, na daftari linabaki wazi kwa yeyote anayetaka kuliona.

Sasa sura ngumu za Ezra, ya 9 na ya 10, za waume waliotakiwa kuwaacha wake zao wa kigeni. Utashawishika kuzikwepa. Usizikwepe, lakini usizifundishe kabla hujasoma Ezra 6:21, ambapo Pasaka inaliwa na waliorudi kutoka uhamishoni pamoja na wote waliojitenga na uchafu wa mataifa ili wamtafute Bwana. Mlango ulikuwa wazi kwa mgeni aliyemgeukia Mungu, kama ulivyokuwa wazi kwa Ruthu Mmoabi, mama mzaa babu yake Daudi. Nasisitiza kwa sababu nimeona mzazi akitumia Ezra 10 kuvunja uchumba wa binti yake na kijana wa kabila jingine, Mkristo mwenzake, mwanakwaya. Hiyo ni dhambi dhidi ya maandiko na dhidi ya watoto wale wawili. Kama kikundi chako kinaishi mahali ambapo ukabila umewahi kumwaga damu, lisemwe wazi.

Ukuta wa Nehemia uliojengwa kwa siku 52 watu wanaujua, kwa hiyo pita haraka. Ila katika sura ya 3 ya Nehemia waonyeshe Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake, na watu wa Tekoa ambao wakuu wao walikataa kuinama kazini, nao wakamaliza sehemu yao wakaenda kujenga nyingine.

Kitabu cha Nehemia kinaishia kwenye sura ya 13, na si sherehe. Nehemia aliondoka kwa muda. Aliporudi alikuta Tobia, yule aliyepinga ujenzi wa ukuta, amepewa chumba ndani ya nyua za hekalu, mahali palipokuwa pa zaka na ubani. Walawi hawakupewa posho yao, wakawa wamekimbilia mashambani kwao kutafuta chakula. Nehemia akavitupa nje vyombo vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, akawarudisha Walawi mahali pao. Na maneno ya mwisho ya kitabu ni ombi la mtu aliyechoka, kwamba Mungu wake amkumbuke kwa mema.

Wiki hiyo ya mwisho wanakikundi watakuuliza, "Sasa mbona imeisha hivi?" Usiwatungie mwisho mwingine. Someni ombi lile pamoja, mnyamaze kidogo, kisha muulize nani kati yenu anayehudumu kanisani na amerudi shambani kwa njaa. Sisi tulipouliza, jina lililotajwa lilikuwa la mlinzi wa kanisa, ambaye hakuwa amelipwa kwa miezi mitano.