Nimelipa Dola Kulala Chini ya Makuti

Shangazi yangu wa Pangani aliponiuliza hoteli ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ikoje, nilimweleza kama ilivyo: paa la makuti, maji ya mvua, choo kisichotumia maji, umeme wa jua, na usiku ukitoka nje unatembea na tochi. Akanyamaza kidogo. "Na mmelipa?" Nikamwambia tumelipa. "Kiasi gani?" Hapo nikamuulizia habari za mbuzi wake, maana bei ya mgeni kule inapita dola 200 kwa kichwa kwa usiku mmoja, na shangazi ameishi kwenye nyumba ya namna hiyo miaka yote hadi wanawe walipomwezekea bati.

Tangu niweke picha za Chumbe kwenye status, simu haipumui. Dada, panafaa? Twende fungate? Niwapeleke wazazi? Basi nijibu mara moja hapa. Panafaa sana, ila si kwa kila mtu, na si kwa mtu anayekwenda bila kujua analipia nini. Kama starehe kwako ni kiyoyozi, bwawa la kuogelea na muziki kaunta, hela yako ipeleke kwingine utakakofurahi. Sikucheki. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa hivyohivyo.

Kilichonibadilisha ni hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja tuliyokaa miaka mitatu iliyopita. Sitaitaja. Ilijiita ya kijani, yaani inayojali mazingira, kuanzia getini. Juu ya kitanda kulikuwa na kikaratasi kinachotuomba tutumie taulo moja siku mbili ili tuokoe maji ya dunia. Nikafungua pazia, saa saba mchana, jua la utosi, nikaona mipira mitatu inamwagilia majani ya bustani ambayo hata mbuzi hali. Jioni tukatembea nyuma ya ukuta, kule ambako mgeni hategemewi kufika, tukakuta wanawake wa kijijini wamepanga ndoo kwenye bomba linalodondoka tone tone. Na pembeni chupa za plastiki zinaungua.

Baadaye nikasoma utafiti wa Zanzibar uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Uingereza, Tourism Concern. Walipima matumizi ya maji Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilikuwa kinatumia zaidi ya lita 3,000 kwa siku. Nyumba ya mwanakijiji, na watu wake wote, haikufika lita 100. Tangu siku hiyo neno "kijani" kwenye tangazo la hoteli nalisikia kama "orijino" ya Kariakoo: linaweza kuwa kweli, lakini igeuze kwanza uone mshono.

Kwa hiyo tulipotimiza miaka kumi ya ndoa nikamwambia mume wangu, safari hii tunakwenda mahali ambako maji yenyewe hayapo, tuone watafanyaje.

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, urefu wake kama kilomita moja. Hakina mto wala kisima cha maji yasiyo ya chumvi. Mjerumani Sibylle Riedmiller alianza mradi huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, miamba ya matumbawe ya upande wa magharibi ikatangazwa hifadhi mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kazi ya ulinzi wa bahari. Miamba yenyewe ilikuwa bado mizima kwa sababu ambayo hakuna aliyeipanga: iko jirani na njia ya meli za Dar na eneo la jeshi, kwa hiyo wavuvi walizuiwa kwa miaka mingi. Nyumba za wageni ni saba. Saba tu, na hawaongezi.

Unapandia boti Mbweni ya Unguja. Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilikwenda na begi la magurudumu, lile kubwa la harusi. Hakuna gati. Boti inasimama kwenye maji, wewe unapandisha nguo magotini unaingia. Begi langu likabebwa begani na mzee mmoja wa boti, umri wa baba yangu, naye haniachi nimsaidie. "Shikamoo baba, samahani kwa mzigo." "Marahaba mwanangu. Umehamia kabisa?" Boti nzima ikacheka na mimi nikacheka, lakini uso unawaka. Chukua begi la mgongoni. Nguo mbili tatu, kanga mbili, ndala, viatu vya mpira vya kutembelea kwenye miamba. Pasi na mashine ya kukausha nywele acha nyumbani, sola haina nguvu hizo, na wala hakuna wa kukutazama.

Sasa nikueleze nyumba, maana nadhani hapo ndipo hela zilipo. Paa ni kubwa kuliko inavyohitajika kwa kivuli. Limeinama upande huu na upande huu kama mbawa, na kazi yake ni kukinga mvua. Maji yanapita kwenye mchanga na kokoto za kuchuja, yanaingia kwenye birika lililojengwa chini ya sakafu unayokanyaga. Unalala juu ya maji yako ya mwaka mzima. Asubuhi ya kwanza nikasikia mlio, ngwi-kwa, ngwi-kwa, nikadhani ndege. Kumbe ni kijana wa kazi anavuta maji kwa pampu ya mkono kuyapeleka kwenye tangi la juu, yapashwe na jua, tuoge. Nikaomba nijaribu. Alinitazama kwa adabu, akanipa mpini. Ya kwanza rahisi. Ya kumi bado. Kufika ya thelathini mkono unatetemeka, nikauliza nimejaza kiasi gani. "Bado hujamaliza kuoga, dada, uko kwenye sabuni."

Toka hapo sikuhitaji kikaratasi cha kuniomba chochote. Nilioga nikiisikia ile pampu kichwani. Na maji yakishatoka mwilini hayatupwi tu ardhini, maana chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, kila unachomwaga leo kesho kiko baharini. Yanapelekwa kwenye vitalu vya mimea inayokula uchafu wa sabuni. Ndiyo maana ukienda pale peleka sabuni ya kawaida, usibebe dawa kali za nywele.

Choo. Najua wengi mnasubiri hapa. Ni choo cha mboji: unakaa kama kawaida, ukimaliza unachota majani makavu na udongo unamwagia, basi. Harufu? Hamna, na nilikwenda na pua ya kutafuta makosa. Siri ni kwamba kisiingie maji, kikilowa ndipo kinaponuka. Sasa sisi watu wa kutawadha tunafanyaje? Hili blogu za Wazungu hazikwambii. Mimi nilibeba kopo langu, nikawa namalizia upande wa kuogea, ambako maji yana njia yake. Waambie mapema, wala usione haya. Nilimuuliza dada mmoja wa pale, akanijibu kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. Wafanyakazi wengi ni watu wa Unguja, wanajua unachouliza kabla hujamaliza sentensi. Wageni kutoka nje huulizia kiyoyozi. Upepo unaingia mbele ya nyumba iliyo wazi, unalala ghorofani chini ya chandarua. Usiku mmoja nilivuta shuka.

Kuhusu kuogelea nina la kusema zaidi. Pale hakuna kuzamia kwa mitungi, ni miwani na mrija tu, na mlinzi anaingia majini pamoja nanyi. Miamba iko karibu na uso wa maji, na hata asiyejua kuogelea vizuri anapewa boya ashikilie. Wameorodhesha zaidi ya aina 400 za samaki. Mimi baada ya kumi nikaacha kuhesabu. Nilichobaki nacho ni kasa mmoja aliyekuwa anakula taratibu, ametupa mgongo, hana habari na sisi kabisa, kama mama mkwe mezani.

Hapa niwaambie dada zangu wa stara jambo litakalowafurahisha. Mafuta mengi ya kuzuia jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Hawaii walipitisha sheria ya kuzuia kuuzwa kwa baadhi yake mwaka 2018, na Palau wakaanza kuyapiga marufuku mwaka 2020. Dawa yake ni nini? Nguo ya mikono mirefu na suruali. Mimi na nguo yangu ya kuogelea ya kufunika mwili mzima, ile ambayo kwenye hoteli nyingine imewahi kunifanya nitazamwe kama nimetoka mwezini, pale nilikuwa ndiye niliyevaa sawasawa. Wenzetu wa bikini wakaazimwa fulana.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama mwezi. Watu wa pwani mnajua, wa bara nisikilizeni. Mwezi mpevu na mwezi mchanga huleta bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Yakipwa hivyo unatembea kwenye miamba iliyobaki wazi, ukiangalia vidimbwi, na ni raha ya pekee, lakini saa za kuogelea zinapungua na mkondo una nguvu. Siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, bahari inatulia, unaogelea karibu muda unaotaka. Sisi tulikwenda katikati, kwa bahati, si kwa akili. Masika hufungwa kwa muda, kwa hiyo Aprili na Mei usijisumbue kabla ya kuuliza. Upepo wa kaskazi ukianza kutulia, Februari hivi, maji huwa meupe hadi unaona kivuli chako chini.

Bei, tuongee kiutu uzima. Uliza bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Tanzania zinayo na nyingi haziibandiki mbele, unapiga simu, unasema una kitambulisho cha taifa. Uliza pia safari ya mchana tu, bila kulala, kama mfuko haujakaa vizuri. Na uliza hela inakwenda wapi. Pale nililipa nikiuma meno, lakini nilijua wageni wa kulala ndio wanaolipia watoto wa shule za Zanzibar kuletwa kuyaona matumbawe bure. Watoto wengi wa visiwani wamezaliwa hatua mia kutoka baharini na hawajawahi kutazama chini yake, wasichana hasa.

Kisiwa chochote unachotaka kwenda, kiwe Mafia, Lamu au kwingine, mpigie mtu wa hoteli umuulize maji ya chumba chako yanatoka wapi na yakitoka bafuni yanakwenda wapi. Sikiliza anavyojibu. Anayejua hukuchosha kwa maelezo, wa Chumbe alikuwa karibu anichoree. Asiyejua atakwambia "tunajali sana mazingira, madam". Muulize pia takataka zinarudi bara au zinachomwa, na wavuvi wa kijiji wanaruhusiwa kupita ufukweni au kuna mlinzi wa kuwafukuza. Ukishajibiwa hayo manne, habari za nyota ngapi hutaziuliza.

Jioni ya mwisho mume wangu alikwenda kuswali magharibi kwenye msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya mtunza taa wa zamani. Mnara wa taa upo mpaka leo, wa mwaka 1904, enzi za Waingereza, na ukiupanda unaona mji wa Zanzibar upande mmoja na upande wa pili bahari tupu. Mimi nilibaki barazani kwenye bembea ya kamba. Taa za nje hakuna, makusudi, kwa ajili ya viumbe wa usiku. Giza la pale ni giza hasa, unasikia mtu kabla ya kumwona.

Viumbe wenyewe ni kaa. Si hawa wa mikoko tunaowala kwa ndimu. Hawa ni kaa wa nchi kavu wanaopanda minazi, wakubwa kuliko wote duniani wa jamii yao, mmoja anaweza kufika kilo nne, na gando lake linapasua nazi. Tuliambiwa siku ya kwanza tusiache kitu nje. Nilisikia. Ila ndala nikaziacha kwenye ngazi, nikajiambia kaa atafanya nini na ndala.

Asubuhi ilikuwepo moja. Yule mlinzi aliyetuogelesha akaikuta ya pili njiani kuelekea mnarani, akaniletea ameishika kwa vidole viwili, mkanda umekatwa safi kama kwa mkasi. "Huyu ni yule mkubwa wa pale nyuma ya jiko," akasema, "yeye hupenda za kushoto." Nikapanda boti peku, begi langu la harusi likiwa tena begani kwa yule mzee.