Kazi tano, watoto wawili na boksi moja la vitambaa

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja kaniandikia meseji ndefu, nimeisoma mara tatu. Ana miaka 31, ameshafanya kazi sehemu nne, sa hivi anataka kuacha ya nne aingie kwenye ushonaji, na anasema kinachomuumiza sio hela, ni ndugu. Kila wakikutana wanamwambia "wewe hujatulia tu." Mwishoni akaniuliza na swali dogo, kitambaa chekundu akiandae vipi kabla ya kukikata, nitalifikia.

Hilo neno hujatulia nalijua mimi. Aliyeanza kuniambia ni wifi yangu, mbele ya wageni, nimeshika trei ya vikombe, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Nilikuwa nimetoka kuacha ukarani wa hesabu nikaenda kufundisha darasa la tatu. Baada ya ualimu nikauza bima, baada ya bima nikawa mtunza stoo hospitalini miaka tisa, halafu ndio nikaingia kwenye kwilti, haya mablanketi ya viraka yenye matabaka matatu, ambayo ndiyo yananilisha mpaka leo. Mwezi uliopita moja imeshika nafasi ya pili kwenye maonyesho na nimefurahi jamani, nimefurahi sana, nilisimama pale mbele nikawa natamani wifi angekuwepo.

Sasa watu wanapenda kusema hakuna kazi inayopotea, kila ulichofanya kitakusaidia. Mi sikubali. Miaka minne ya bima kwangu ilipotea, nilikuwa naamka na stresi nalala na stresi na sikujifunza chochote ambacho nakitumia. Lakini ukarani ule niliouona wa kuchosha ndio ulionifanya fundi. Kwenye kwilti mshono unaacha robo inchi pembeni, yaani kama milimita 6, na wanaoanza wanaona ukizidi kidogo haina shida. Ina shida! Ukizidisha milimita 1 unakula milimita 2 kwa sababu vipande vyote viwili vinapungua, na kama mstari una vipande 16 hapo kuna mishono 15, basi umepoteza sentimita 3 nzima na mstari wako hautakutana na wa jirani yake, utavuta vuta mpaka kitambaa kikunje. Mtu aliyewahi kukesha anatafuta tofauti ndogo kwenye daftari la hesabu hilo halihitaji kufundishwa. Anapima kabla hajashona, anapima na akishashona.

Kwa hiyo mdogo wangu usiogope kuhama. Mimi sijutii kuhama. Ninachojutia ni kingine na nimekaa nacho muda mrefu bila kukisema.

Mwaka 1991 nilikuwa na mimba ya kijana wangu, nikaanza kumshonea kwilti ya kitandani, viraka vyekundu na vyeupe. Akazaliwa, nikaiweka kwenye boksi nikasema nikitulia namalizia. Nikaingia ualimu, boksi likahama na sisi. Nikaingia bima, boksi likahama. Kila kazi mpya nilikuwa najiambia miezi sita tu nizoee halafu nitakuwa mama wa kueleweka, nitakaa na watoto jioni, na hiyo miezi sita haikuisha maana ikikaribia kuisha nilikuwa nishaanza kwingine. Baba yao alikuwa anawalaza yeye. Kuna kazi moja hata yeye niliacha bila kumwambia, akaja kuambiwa na mtu njiani, na alikaa siku tatu hasemi na mimi, alikuwa ananipa chai na kuondoka. Afadhali angenifokea.

Na binti yangu naye nilimuumiza. Yake niliimaliza, alikuwa na miaka kumi, ya bluu na manjano, nzuri kweli. Halafu nikawa kati ya kazi na kazi, miezi mitano hakuna kitu, akaja mtu akaipenda na mimi nikaiuza. Nilitoka nayo kitandani kwake akiwa shule. Nikamwambia nitakushonea nyingine na nilimshonea, lakini hajawahi kuilalia, iko kabatini kwake mpaka leo imekunjwa vizuri.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona kwilti yenye picha za hadithi za Biblia, akaionyesha kwenye maonyesho ya mwaka 1886, mtu akataka kuinunua akakataa. Baadaye hali ikawa ngumu akaenda mwenyewe kuiuza, akataka dola 10 akapewa 5. Akawa anarudi kwa yule aliyeinunua kuitazama tu. Leo iko makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Watu wakisimulia habari hii wanasifia mishono, na ni kweli ni ya ajabu, ila mimi nilikwama pale kwenye kurudi kuitazama, nikafunga kitabu nikampigia binti yangu simu kumuomba msamaha. Ilikuwa mara ya kwanza kumuomba. Alisema "mama hiyo ni zamani," lakini aliisema polepole.

Ushauri wangu basi. Mwambie wa nyumbani kabla hujaacha kazi, sio baada, hata kama unajua atapinga. Akipinga msikilize mpaka amalize, halafu bado unaweza ukaacha, ila atakuwa amejua kutoka kwako. Weka akiba ya miezi kadhaa, usije ukauza kitu cha mtoto. Na usiwaambie watoto "nikitulia," hilo neno lifute kabisa mdomoni, tafuta kitu kidogo cha leo jioni. Narudia, mwambie wa nyumbani kwanza. Ndugu wa pembeni waache waseme, hao hawalali na wewe nyumba moja, na usipoteze miaka kuwaridhisha kama nilivyopoteza mimi kwa wifi.

Na kama umeanza kitu maliza hicho kabla ya kukata kingine. Nimeshawaona wengi kwenye hii kazi, wanapenda sehemu ya juu, kuchagua rangi na kuunganisha vipande, wakifika kupanga matabaka matatu na kupiga bandi, ile mishono ya muda ya kuyashikilia pamoja, kuanzia katikati kwenda nje, mgongo unauma, wanakunja wanaanza nyingine. Wana vipande kumi na mbili vya juu na hakuna aliyejifunika hata kimoja. Mtu anajifunika kwilti iliyofungwa kingo, hiyo ya kabatini haijamfunika mtu. Mtoto wako naye ndio hivyo hivyo dada, hajui mipango yako, anajua kama ulikuwepo.

Ile ya kijana wangu niliimaliza mwaka 2018 akiwa na miaka 27, ana nyumba yake. Nyuma nikadarizi kama tunavyofanya, nimeanza 1991 nimemaliza 2018. Akasoma, akakaa kimya, akaniuliza, "mama, miaka yote hiyo ulikuwa wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia ukweli, nikamtajia kazi moja baada ya nyingine, tulikaa mpaka usiku na nadhani ndio siku aliyonifahamu.

Siku ya kwanza kuifua ile kwilti nyekundu ilitoa rangi na vyeupe vyote vikawa waridi, kwa sababu mwaka ule 1991 nilikuwa na haraka sikufua kitambaa kabla ya kukata. Mke wake alinitumia picha, mjukuu wangu kalala juu yake, ya waridi hivyo hivyo.

Kwa hiyo hicho chekundu chako kifue peke yake kwanza, mara mbili tatu, mpaka maji yatoke meupe, hapo ndio kitakuwa kimeshatoa rangi na kimeshapungua kama ni cha kupungua. Kianike, kipige pasi kwa kuikandamiza na kuinyanyua usiiburuze, maana ukiburuza kinavutika hasa pale palipokatwa mshazari. Halafu ndio ukate.