Huyo wa juu ya feri
Wauliza kama ndege wa kwenye picha yako, huyo arukae juu ya feri ya Likoni, Mombasa, ni tai. Mwewe huyo ndugu yangu, si tai. Kwenye hiyo picha tizama mkia, ncha yake imeingia ndani katikati, na akiwa angani yuwaupindapinda huku na huku kama usukani hata mabawa hayapigi, tai hana mkia wa hivyo. Furukombe, yule tai mla samaki, ungemjua tu, kichwa na kifua vyeupe pepepe na mkia mfupi mweupe. Mi nashinda hapo kivukoni na hawa mwewe ndo hushuka kunyakua matumbo ya samaki, wajanja balaa. Ila mwewe akitanua mkia wote lile pengo lapotea, waonekana umenyooka, kwa hivo msubiri aufunge.