Ndege wa Mida wako mbali: tufike saa ngapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu, Kilifi. Niliwapeleka wanafunzi 16 wa klabu ya mazingira kwenye hori ya Mida, Watamu, kuona ndege wahamaji. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Tulifika saa tatu asubuhi, tukaondoka saa tano. Ndege walikuwa vidoa tu huko mbali, na tulipowasogelea wakaruka. Tulikosea wapi? Na wale wadogo wa kijivu tuwatofautishe vipi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Mwalimu, kosa lenu ni saa. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa zaidi, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi, yakajaa mwendo wa saa kumi alasiri. Mlikuta tope limeanikwa lote, na ndege wametawanyika wakila. Mkaondoka maji yakianza kurudi, na hayo ndiyo yanayowasukuma ndege karibu na mikoko.

Safari ijayo chagueni siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Maji hujaa mwendo wa saa nane mchana, basi fikeni saa tano. Tazameni jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, mkikumbuka kwamba mlango wa Mida ni mwembamba na ndani maji huchelewa. Msingoje yajae pomoni: tope likifunikwa, ndege huenda kupumzika kwingine.

Gawanyeni kundi mara mbili, wanane wanane. Lile daraja la mbao katika mikoko linaning'inia; mmoja akitembea, darubini ya miguu mitatu inatikisika na hakuna anayeona kitu. Wote wasimame, kisha mmoja mmoja achungulie. Darubini za mkono za 8x42, zinazokuza mara nane, zinafaa watoto kuliko za 10x za mara kumi, ambazo hukuza hata mtetemo wa mkono.

Msiwasogelee kamwe. Wakiacha kula na kuinua vichwa, mmeshakaribia mno. Rudini nyuma kabla hawajaruka. Ndege hawa wana saa chache tu za tope kila maji yanapopwa, na kufikia Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini ya safari ya kuelekea Siberia. Kila mruko unayapunguza.

Kuhusu wale wa kijivu, anzeni na mwendo, rangi baadaye. Kitwitwi wa mchanga ana mdomo mfupi: hukimbia hatua chache, husimama wima, hudonoa, kwa kuwa anawinda kwa macho. Anayetembea kichwa chini akichoma tope kama cherehani anapapasa kwa mdomo; mdomo huo ukipinda chini, na akiruka kiuno kikawa cheupe, ni yule aitwaye kwa Kiingereza curlew sandpiper, anayegeuka mwekundu wa matofali mwezi Aprili. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, anayekimbiza kaa huku ameinama, ni Terek sandpiper; hamtamkosa. Sululu ni mkubwa, mdomo mrefu umepinda chini, utosini ana michirizi.

Mtafuteni pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, aitwaye kwa Kiingereza crab plover. Huyu hatoki Siberia. Huzaa katika mashimo anayochimba mchangani, pwani za Uarabuni ikiwemo Omani. Makundi yake wahesabuni kumi kumi: pimeni kwa jicho nafasi ya ndege kumi, kisha isogezeni hadi mwisho wa kundi.