Uliza Fundi: Petroli ya boda yangu inaishia wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi dereva boda hapa Msamvu, Morogoro, chombo changu ni cha cc 125 (ukubwa wa injini), cha kawaida tu. Juzi abiria kaungua mguu na sailensa wakati anashuka, tukagombana weee, afu usiku nikawa najiuliza, kama moto ndo unasukuma pistoni, mbona mwingine unatoka nje kuunguza watu? Si hela yangu hiyo inapotea? Na kijiweni jamaa mmoja kaniambia nilegeze skrubu ya kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, iingie petroli nyingi, eti ndo ntapata nguvu mlimani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwenye hela umelenga penyewe, ni hela yako na ni nyingi kuliko unavyodhani.

Chukua lita moja ya petroli. Joto lake lote ukilikamata bila kuvuja, linachemsha kama ndoo tano za lita 20, kutoka maji ya bomba mpaka yanatokota. Sa kwenye pikipiki yako inayogeuka mwendo ni kama ndoo moja tu! Zilizobaki zinaenda kwenye sailensa, kwenye silinda na oili, zinapotelea hewani.

Ndani iko hivi. Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ikishuka inavuta hewa iliyochanganyika na petroli, vavu, yani kimlango cha hewa, inafunga, pistoni inapanda inaushindilia ule mchanganyiko mpaka unabaki kama sehemu moja ya tisa ya nafasi uliyokuwa nayo. Ushawahi kujaza upepo baiskeli? Shika pampu kule chini, ina moto, na hakuna aliyewasha kiberiti, ni hewa tu imebanwa. Hapo sasa plagi inapiga cheche, petroli inaungua, joto linapita nyuzi 2,000, hewa inataka kutanuka na haina pa kwenda isipokuwa kuisukuma pistoni chini, konrodi, ule mkono ulioshikana na pistoni, inazungusha krenki, yani mhimili wa injini, kama mguu wako kwenye pedeli. Wengi wanadhani petroli inalipuka kama bomu, hapana, inaungua haraka ila kwa utaratibu, ikilipuka kweli ndo unasikia injini inagonga ka-ka-ka, na mchezo huo unatoboa pistoni. Mwisho pistoni inapanda tena inafukuza moshi. Safari nne, ya nguvu ni moja, tatu zinabebwa na uzito wa vitu vinavyozunguka. Injini ya mtindo huu Mjerumani Nikolaus Otto aliiwasha mwaka 1876 na mpaka leo hatujautupa. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moto unawaka humo mara 50 kila sekunde.

Sasa kwa nini zinapotea? Pistoni ikifika chini hewa bado ni ya moto mkali, lakini safari imeisha, vavu inafunguka, yote inatimkia kwenye sailensa. Sadi Carnot, Mfaransa, alishaonyesha mwaka 1824 kwamba injini yoyote ya joto lazima itupe joto lingine nje, kwaiyo usimlaumu fundi wako. Afu kuna la pili, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Usipoipooza silinda, unayeyusha pistoni yako mwenyewe. Ndo kazi ya vile vipande vyembamba vimeizunguka silinda kama kurasa za daftari, vinapigwa na upepo. Matope yakigandia hapo mvua za masika yatoe, na foleni ikikaza zima, maana umesimama na upepo hakuna.

Wenye malori ya dizeli wana nafuu kidogo. Wao wanabana hewa mara 16 mpaka 20, inapata moto hadi dizeli ikinyunyiziwa inawaka bila plagi, na ukibana zaidi unavuna mwendo zaidi kwenye joto lilelile.

Haya, skrubu. Gramu moja ya petroli inataka kama gramu 15 za hewa. Yani lita yako moja inakula hewa lita 9,000 hivi, karibu simtanki mbili zile za lita 5,000. Ukizidisha petroli hewa haitoshi, inayobaki inatoka moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi, zile pete za pistoni, zinakwisha. Isitoshe skrubu hiyo kazi yake kubwa ni pikipiki ikiwa imesimama inaunguruma, ukishavuta resi mlimani haina la kukusaidia. Huyo jamaa wa kijiweni muulize plagi yake ina rangi gani, nzuri inakuwa ya kahawia kama maganda ya karanga. We mlimani shusha gia tu.

Na mguu wa abiria, sailensa yako bila shaka iko kulia, waambie wapandie na washukie kushoto.